Njia tunayokimbia siku ya Mungu haijui Kisangani yote



Hapa Kapalata, kila nikitoka kukimbia asubui, kuna mama mmoja anayekaanga mikate kandokando ya barabara. Ananiuliza swali lilelile kila mara: "Papa, nani anakufukuza?" Mimi ninajibu: "Hapana mtu, mama, ninatafuta afya." Naye anacheka: "Afya? Kamata jembe basi, si wewe njo agronomu?"

Ninacheka naye, ninaendelea. Lakini lile swali la kwanza linanifuata hadi mjini. Nani anatufukuza? Na tunakimbia kuelekea wapi?

Leo sitaki kuandika kritiki ya kitabu wala ya muziki. Ninataka kuandika kritiki ya njia. Miaka hii ya karibuni vikundi vya kukimbia vimekuwa vingi katika mji wetu: wanafunzi, wenye lisansi, walimu, vijana wa makanisa. Tunavaa trikoo za rangi moja, tunaimba, tunapiga picha. Na karibu vikundi vyote vinafuata njia moja. Tunakutana katikati ya Makiso, tunapita upande wa Posta, tunashika bulvari, tunaacha soko kuu nyuma, tunashuka hadi katedrali ya Notre-Dame du Rosaire kandokando ya mto, kisha tunazunguka na kurudi. Hiyo njo "turu" yetu. Mtu akitoka Bunia au Kinshasa na kusema anataka kukimbia Kisangani, tunampeleka pale pale.

Nianze na mazuri yake, maana ni mengi. Lami iko. Barabara ni pana. Miembe mikubwa inatoa kivuli, na katika mji kama wetu, karibu na ikweta, kivuli si urembo. Hewa yetu ni ya maji: mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na jua likishapanda, mwili unachoka kabla ya miguu. Halafu kuna mto. Ukifika pale katedrali asubui mapema, ukungu bado uko juu ya maji na mitumbwi inavuka kutoka Lubunga na watu na mizigo, hata kama umelala vibaya roho inafunguka. Na jambo la mwisho, ambalo wanaume tunalisahauka: dada zetu wanasema pale wanajisikia salama kidogo kuliko kwingine, kwa sababu watu ni wengi na njia inaonekana. Hilo peke yake linatosha kuiheshimu njia hiyo.

Sasa kasoro zake.

Ya kwanza: njia yetu inazunguka ndani ya mji ambao Wabelgiji walijichorea wenyewe. Makiso njo ilikuwa mji wa wazungu wa Stanleyville. Watu weusi walikaa pembeni, katika mitaa iliyopangwa kwa ajili yao, na wakati ule mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea ovyo usiku katika mtaa wa wazungu; alihitaji karatasi. Wazo lenyewe la kukimbia pale saa kumi na moja, giza bado liko, kwa sababu tu unapenda, lingempeleka babu yako kifungoni. Kwa hiyo kukimbia Makiso ni jambo zuri hata kihistoria. Ni kama kusema: hapa pia ni kwetu.

Lakini tukisema "hapa pia ni kwetu" kila siku ya Mungu na hatuendi kwingine, tunaanza kusema neno lingine: kwamba hapa njo mji, na kule kwingine ni kijiji tu. Sikilizeni tunavyosema wenyewe. Mtu wa Mangobo, wa Kabondo, wa Tshopo, wa Kapalata, akitaka kwenda Makiso anasema: "Ninaenda ku vili." Anaenda mjini! Na pale alipolala ni wapi? Miaka zaidi ya sitini baada ya uhuru, ulimi wetu bado unafuata ramani ya zamani. Na siku ya Mungu miguu inafuata ulimi.

Kuna mtafiti mmoja, Valdo Pons, aliyefanya kazi hapa miaka ya 1950, wakati mji bado unaitwa Stanleyville. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Mtu huyu hakuridhika na bulvari. Alichukua avenyu moja ya mitaa ya watu weusi, Avenyu 21, akaitafuta nyumba kwa nyumba: nani anakaa na nani, nani ni ndugu ya nani, nani anafanya kazi wapi. Mgeni aliona kwamba avenyu moja ya udongo inatosha kuwa somo la kitabu. Na sisi wenye mji, tena wenye diplomi, tunaona avenyu kama ile haitoshi hata dakika kumi za kukimbia.

Kasoro ya pili: njia yetu inapita juu ya historia kama moto inavyopita juu ya shimo, haraka haraka. Tunakimbia upande wa Posta. Wangapi kati yetu wanakumbuka, wakipita pale, kwamba Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji huu hadi alipokamatwa mwaka 1956? Kwamba mwezi wa kumi 1959 alifanya hapa kongresi ya chama chake, MNC, risasi zikapigwa, watu wakafa, naye akakamatwa tena tarehe 1 mwezi wa kumi na moja? Mimi mwenyewe nilipita pale miaka miwili bila kufikiri hata kidogo. Nilikuwa ninaangalia saa yangu.

Mtu atasema: "Mkubwa, tunakuja kutoa jasho, hatukuja kusoma historia." Sawa. Lakini basi kwa nini tunapiga picha mbele ya katedrali? Kwa nini hatupigi mbele ya ukuta wowote? Tunajua kwamba mahali pana maana. Tunachagua tu maana rahisi.

Kasoro ya tatu njo kubwa kwangu, na hapa agronomu aliye ndani yangu anataka kusema. Njia yetu haipiti katika majani. Tuna mji uliozungukwa na msitu mkubwa kuliko yote ya Afrika. Tuko karibu na Yangambi, ambako tangu mwaka 1933 watu walichunguza miti na udongo mpaka jina la Yangambi likajulikana dunia nzima. Lakini ukiuliza kijana wa Kisangani anionyeshe bustani ya watu wote, mahali pa kukimbia chini ya miti bila moto kukupigia honi, atafikiri muda mrefu. Kisha atasema: "Labda kule zoo."

Bon, twende zoo.

Bustani ya wanyama iko komini ya Tshopo, kandokando ya mto Tshopo, karibu na daraja na bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1950. Mji ulikuwa na mahali pale pa kutembea jamaa nzima siku ya mapumziko. Leo wanyama si wale wa zamani, vita vilipita hapo. Lakini miti iko, mto uko, sauti ya maji iko. Nilikimbia pale mara ya kwanza na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, na sote tulishangaa kwamba tulimaliza inivesite bila kujua kwamba tuna mahali kama hapo.

Kisha tulifika darajani, tukasimama. Hatukupatana kusimama, tulisimama tu.

Kutoka tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita, mwaka 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji huu, na daraja la Tshopo lilikuwa katikati ya moto. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Sikumbuki kitu, ila mama ananiambiaka kwamba alinilaza chini ya kitanda na kuweka magodoro juu, na kwamba nililia kwa kiu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye ulihesabu makombora zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 700 waliouawa na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika. Mwezi wa pili 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamua kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vile vyote vya miaka ile. Kuhusu pesa hizo na nani amepata, kila jamaa mjini ina habari yake, sitaingia huko leo.

Ninachosema ni hiki: njia inayopita kwenye daraja lile inakufundisha kitu ambacho bulvari haiwezi. Pale unakimbia kwa hiari, mahali ambapo wazazi wako walikimbia kwa sababu ya kufukuzwa. Lile swali la mama wa mikate, pale si mchezo tena.

Na Kapalata vilevile. Kwa watu wengi Kapalata ni jina la kambi ya askari, basi. Mwisho wa miaka ya 1990 vijana wa Mai-Mai kutoka Kivu waliletwa katika kambi hii, wengine watoto kabisa, na wengi walikufa hapa kwa magonjwa, mbali na mama zao. Hakuna jiwe la kumbukumbu ninalopita asubui. Kuna barabara, kuna majani, kuna watoto wanaokwenda masomo. Ninapita kila siku, na siku nyingine ninapunguza mwendo, hivyo tu.

Tuje sasa kwenye njia ambayo mimi ninaiona ni bora kuliko zote: ile ya kufuata mto kwenda komini ya Kisangani hadi maporomoko ya Wagenia. Watalii wote wanapelekwa pale na gari, wanapiga picha ya wavuvi na vile vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye miti iliyosimikwa ndani ya mawe, wanarudi hotelini. Wanakosa njia yenyewe. Ukienda kwa miguu unapita ndani ya mtaa wa zamani kuliko mji wa Wabelgiji. Hapa njo walikaa watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar ambaye mwaka 1887 Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls. Walikuja kutafuta pembe za tembo na watumwa, hilo tusilifiche. Lakini waliacha pia msikiti, mchele, kanzu, na hii lugha ninayowaandikia sasa. Kiswahili cha Kisangani hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilikuja kwa miguu, kutoka pwani, na wengi waliokibeba walikuwa wamefungwa kamba.

Na wavuvi wenyewe, Waenya, walikuwapo kabla ya Stanley, kabla ya Tippu Tip, kabla ya wote. Ukifika asubui mapema utawakuta wanapanda juu ya ile miti bila viatu, maji yanapiga kelele chini yao, wanakagua vikapu. Mimi mwenye viatu vya dola ishirini nilijiona mdogo pale. Nilidhani nina miguu yenye nguvu!

Sasa ninajua mtasema nini, kwa sababu nimekwisha kuyasikia yote.

"Njia za komini ni matope." Kweli. Mvua ikinyesha, Kapalata unakimbia kama bata. "Hakuna taa." Kweli. "Moto zinapita vibaya." Kweli kabisa. "Utakutana na watu wenye silaha watakuuliza karatasi." Hiyo pia ni kweli. Siku moja nilisimamishwa kabla jua halijatoka, nikaulizwa ninakimbia kutoka wapi na nimeiba nini. Nilionyesha kadi yangu, nikaeleza habari ya afya ya moyo, mmoja wao akacheka na kuniambia: "Kimbia wakati watu wanakuona." Ushauri wake ulikuwa mzuri, ninaufuata hadi leo.

Kwa hiyo sisemi tuache Makiso. Sisemi dada zetu waingie gizani kwa ajili ya historia. Ninasema tofauti: matatizo haya si sababu ya kuacha njia hizi, matatizo haya njo sababu ya kuzipita tukiwa wengi. Mtu mmoja anayekimbia Tshopo au Kabondo ni mwizi au kichaa. Watu arobaini wenye trikoo za rangi moja ni habari. Watoto wanawafuata, mama za soko wanawapigia makofi, dereva wa moto anapunguza mwendo. Na mtu wa komini, akiona matope yale yale yamepitwa na watu waliosoma, labda ataona haya kidogo.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Sisi wote tunajua mji huu unavyoliwa. Mahali pa wazi leo panakuwa na mawe manne ya mpaka kesho, keshokutwa kuna ukuta. Uwanja wa mpira tuliochezea tukiwa wadogo unakuwa viwanja vya watu. Ni nadra kusikia kelele, kwa sababu pale hapakuwa na mtu anayepita. Ardhi ambayo hakuna mguu unaoikanyaga, ni rahisi kwa karatasi kuichukua.

Mfano tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Nairobi wana msitu wa Karura, hekta kama 1,000 ndani ya mji. Leo watu wa Nairobi wanakimbia pale kila asubui, wanaulipia kiingilio, wanajivuna nao. Lakini miaka ya 1990 vipande vya msitu ule vilikuwa vimekwisha kugawiwa watu binafsi wajenge. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti mle ndani, na mwezi wa kwanza 1999 alipigwa hadi damu ikamtoka kichwani. Wanafunzi wa inivesite walisimama naye. Msitu ulibaki. Mwaka 2004 akapewa Nobel ya amani. Mtu anayekimbia Karura leo na muziki masikioni anakimbia juu ya deni, ajue au asijue.

Karura nayo ina kasoro yake: kiingilio ni kidogo kwa mwenye mshahara, lakini kwa kijana wa mtaa wa mabanda si kidogo, kila siku. Kwa hiyo hata bustani iliyookolewa inaweza kufunga mlango polepole. Sisi ambao bado hatuna bustani tunaweza kujifunza yote mawili: kupigania mahali, na kupigania mlango ubaki wazi.

Katika masomo yetu tulifundishwa kwamba udongo unaokanyagwa sana unashikana, maji hayaingii, mimea inateseka. Ni kweli kwa shamba. Kwa mji ni kinyume: mahali panapokanyagwa na watu wengi njo panapobaki hai. Njia ya miguu kati ya miti ni hati ambayo hakuna ofisi inayoitoa, lakini kila jirani anaisoma.

Basi pendekezo langu, kwa unyenyekevu. Tubaki na Makiso siku moja ya Mungu katika mwezi. Ya pili, twende zoo na daraja la Tshopo, tusimame dakika moja pale juu, tusiimbe. Ya tatu, komini ya Kisangani hadi Wagenia, na anayejua historia ya wazee wa pale atueleze tukinyoosha misuli. Ya nne, kila mwezi tukimbie komini nyingine: Mangobo, Kabondo, hata tuvuke mto twende Lubunga. Na tuanzie kule, tusianzie Makiso. Mwenye kukaa mbali apumzike siku hiyo. Wa Makiso njo apande moto saa kumi na moja kutufuata sisi. Ataona vile tunavyoonaka.

Na mahali popote tunapopita penye miti, tupite tena. Na tena. Mpaka iwe njia.

Juzi mama wa mikate aliniuliza tena: "Papa, nani anakufukuza?" Nikamwambia: "Mama, siku moja tutapita hapa watu hamsini. Andaa mikate." Akanyamaza, akahesabu kichwani. Kisha akasema: "Hamsini? Basi mniambie siku ya posho, ninunue unga."

Yeye amekwisha kuelewa. Bado sisi.